Boneti Yenye Joto

Mjukuu wangu Nekesa,

Mko salama huko Bungoma? Hapa Mutuini mjomba wako amepata mtoto wa kike. Mimi bado nakata nyasi kule Spring Valley, ingawa mgongo unalalamika.

Umeniuliza kama ununue lile gari la mbio la mtumba uwe unaenda nalo kazini kila siku. Mambo ya injini siyajui sana. Lakini kuna jambo moja nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe.

Nikiwa kijana niliosha magari kwa muuzaji mmoja huko Dagoretti. Alikuwa na gari la mbio ambalo likiwashwa likiwa baridi, injini inagonga na kutoa moshi. Akaniagiza niliwashe mapema lipate joto na kutulia, kabla mteja hajafika. Mteja alikuwa karani wa mjini, mtu mpole wa Pwani. Injini ikanguruma vizuri. Akanigeukia.

"Kijana wangu, niambie kweli, ni zima?"

Tajiri wangu, yule muuzaji, akacheka. "Huyo anajua maji na sabuni tu!"

Nikasema, "Ni zima, mzee." Akalinunua.

Baada ya wiki mbili nilikutana na yule karani akienda kazini kwa miguu, gari limeshamharibikia. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama nimeshakunywa chai.

Kwa hiyo nenda asubuhi bila kumwarifu muuzaji, uguse boneti kabla gari halijawashwa. Ikiwa na joto, rudi nyumbani. Na ukimkuta mwosha magari pale, msalimie, lakini usimwulize chochote mbele ya tajiri wake.

Babu yako,
Wafula