Siku Tisa Uingereza, Ijumaa Kibondo

Jumatano, 3 Septemba 2025 — Kasulu

Pasi zimefika kutoka Dar, viza zimo! Zote mbili. Nimeifungua yangu mara sita kuhakikisha ile picha ni mimi. Haidari anacheka — Mwaja, kurasa zitachanika.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, mabinti wawili. Hata Ujiji hajawahi kunipeleka kutembea. Tukienda ni msiba au mzigo. Leo Uingereza! Mwaliko ni wa mdogo wangu Saady, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Lesta. Lakini tiketi kalipa Haidari mwenyewe, hakugusa droo ya ghala langu la maharage.

Tena alifanya kwa heshima. Mwezi wa saba alimtuma mama yake aje kuniambia. Mama mkwe kavaa buibui jipya, kala, kanywa chai, ndipo akafungua mdomo: mwanangu anataka kukufurahisha kwa safari, nawe mwanangu upokee kwa moyo mweupe. Nikamjibu, mama, nimepokea kwa mikono miwili. Akalia! Nikashangaa, mtu mzima kulilia ndege.

Jumamosi, 6 Septemba — uwanja wa ndege, Kigoma

Tumeondoka Kasulu saa kumi na moja alfajiri. Majirani walikuja kuaga tangu jana baada ya Maulidi. Wanawake kumi na saba, nimewahesabu kwa vikombe. Mmoja kanikumbatia hadi akaniumiza: una moyo wewe Mwaja, Mungu akuzidishie subira. Subira ya nini? Ndege zote tatu ukijumlisha ni saa kumi na sita za kukaa kitini. Nimekaa zaidi ya hapo kwenye lori la maharage.

Vestina, anayenishikia ghala, hakunitazama usoni. Akauliza: dada, unakwenda kweli? Nakwenda! Akasema ego, sawa, akarudi kwenye mzani.

Nimempigia Zena, Kibondo, nimuage. Hakupokea. Masikini, bado yuko eda. Mumewe, marehemu Hamis, ndiye aliyekuwa mbia wa Haidari kwenye duka la bati kule. Toka Mei mjane wa watu yumo ndani, hatoki, hajipambi. Mara nne nimemfuata Kibondo na sukari na sabuni. Labda simu haina chaji.

Jumatatu, 8 Septemba — Lesta

Baridi! Na wanasema hii bado si baridi.

Kwenye foleni ya pasi nilihesabu watu mia moja na arobaini mbele yetu. Afisa akauliza tumekuja kufanya nini. Haidari akajibu kwa Kiingereza chake cha dukani: kutembea na mke wangu. Mke wangu! Kasulu ananiita "huyu". Huyu kasema, huyu hayupo.

Saady kanenepa. Mkewe Asia kapika pilau la kunitoa machozi. Jioni tumezunguka mtaa. Tulipofika kuvuka barabara Haidari akanishika mkono. Magari yao yanapita kushoto kama ya kwetu, hakuna jipya la kuogopa. Akanishika tu. Tulipofika ng'ambo hakuuachia.

Jumatano, 10 Septemba — London

Tumetoka na treni ya asubuhi, tumerudi miguu imevimba. Nimeona:

Daraja, na ile saa kubwa. Inachelewa? Hapana, saa yangu ndiyo ilikuwa mbele dakika mbili.

Walinzi wa ikulu wenye kofia za manyoya. Tarumbeta nyingi, kazi sijaiona. Mlinzi wangu wa ghala analinda magunia mia sita kwa rungu na tochi, na hakuna anayempiga picha.

Kisha mnara wa ukumbusho wa moto ulioiunguza London zamani. Ngazi zinazunguka kama skrubu. Mia tatu na kumi na moja! Haidari na goti lake nikadhani atabaki chini. Akapanda. Kwenye ya mia mbili akakaa, anahema, akaniambia kama akifa hapo nisimsafirishe, nimwache Wazungu wamlipie ulinzi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Juu kuna upepo wa kung'oa nguo. Mtandio wangu ukataka kwenda, akaudaka, akanifunga mwenyewe kidevuni, polepole, kama anamvisha mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Kijana mmoja Mzungu akatupiga picha.

Sijui nini kimemwingia mwanamume huyu. Kisiondoke.

Ijumaa, 12 Septemba

Saady alipata siku ya kupumzika, katupeleka mbali, saa tatu kwa gari, kuangalia mawe. Mawe! Yamesimama kwenye nyasi, mengine yamelala. Watu mia kadhaa wamekata tiketi, wanayazunguka kimya kama wako msikitini. Nikamwambia Haidari, kule Makere mawe kama haya tunayatukana kwa sababu yanavunja majembe. Akasema turudi tukazungushe kamba, tuweke meza ya tiketi. Saady akasema shemeji leo una maneno!

Mvua ikatukimbiza garini. Tumekula mayai na mikate, vioo vimejaa ukungu. Haidari akamenya yai, nikadhani lake. Akanipa mimi. Akamenya la pili, akanipa tena.

Naandika hili wazi, nikija kusahau nisome: nimefurahi. Nina miaka arobaini na mitano na nimefurahi.

Jumapili, 14 Septemba

Asia ametuomba tuongeze siku. Mtoto wao anahitimu Kurani Jumamosi ijayo, watu wameshaalikwa. Wifi, anasema, viza ina miezi sita, tiketi zinabadilishika, kuna haraka gani? Nikasema hakuna. Haidari akasema ipo. Alhamisi lazima awe Kasulu, Ijumaa mzigo wa bati unashuka Kibondo.

Mzigo wa bati unashuka tarehe 26. Oda niliandika mimi. Vitabu vya bati naandika mimi tangu duka lile lianze, na mtaji wake wa kwanza ulitoka kwenye maharage yangu.

Nimeingia chumbani, nimefungua daftari hili, nimerudi nyuma kutafuta tarehe 19 ina nini.

Mei. Hamis alifariki tarehe 14. Chini yake hesabu yangu. Nakumbuka Zena alivyoniuliza siku ile, macho mekundu: da Mwaja, wewe mwenye hesabu, mimi nitatoka humu lini? Nikamkalia pembeni, nikamhesabia. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi. Siku mia moja na ishirini na nane. Nikaandika: Zena anamaliza eda, kuamkia Ijumaa 19 Septemba.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemuuliza. Kwenye benchi la bustani, asubuhi, bata wakitembea miguuni kwetu.

Nikasema: Haidari, unamuoa Zena?

Hakukana. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, wallahi, ule wa mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema: Mwaja, si mama alikuja kukwambia?

Nikasema: mama alikuja kuniambia safari.

Ndiyo, safari. Safari ya nini, ulifikiri?

Nikasema nilifikiri ni safari.

Akainama, akashika kichwa. Kwao, anasema, mume akitaka kuongeza mke hamwambii mkubwa uso kwa uso, anamtuma mama na zawadi. Mke akipokea, amekubali. Ndivyo baba yake alivyofanya, mama akapewa mkufu. Yeye hakutaka mkufu, alitaka kitu kikubwa kuliko mkufu kwa sababu najua kukadiria thamani. Na mama alirudi na jibu: amepokea kwa mikono miwili.

Hayo ni maneno yangu. Siwezi kuyakana.

Anasema Hamis alimuusia watoto watatu. Anasema hajaongea na Zena hata neno, eda haijaisha, yote wamepitisha kwa wazee. Anasema nitabaki kuwa mimi, mkubwa, vitabu vyangu, ghala langu.

Nikamuuliza: na mayai? Na mtandio? Ulikuwa unanilipa?

Akajibu polepole: nilitaka ufurahi. Ukafurahi. Na mimi nikafurahi, Mwaja, hilo ndilo sikulitegemea.

Bora angenipiga.

Jumanne, 16 Septemba

Uwanja wa ndege. Saady kauliza dada unaumwa? Nikasema kifua. Asia kanipa dawa ya kikohozi.

Viti vya 31, A na B. Yeye kalala. Mimi sijalala.

Alhamisi, 18 Septemba — Kasulu

Tumefika saa kumi na moja jioni. Vumbi, harufu ya mihogo iliyoanikwa. Nyumba imefagiliwa, imejaa watu. Mama mkwe kanipokea mlangoni, kanibusu mikono yote miwili mbele ya kila mtu. Sasa najua kwa nini miwili.

Wanataka habari za Uingereza. Nimewapa: baridi, treni, bata. Haidari kasimulia vizuri kuliko mimi.

Nilimvuta Vestina nyuma ya ghala. Nikamuuliza, ulijua? Akafuta mikono kwenye kitenge. Yoo, dada, mbona sote tulijua? Mji mzima! Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema: wewe ndiye unayetufundisha bei. Tulidhani umetaja yako, umelipwa, umeridhika. Mimi ni nani nikuulize?

Sina la kumlaumu. Ningekuwa yeye ningefikiri hivyo hivyo.

Baada ya isha Haidari kaja na maneno laini. Kesho Kibondo. Wanawake watamtoa Zena eda asubuhi, ndoa baada ya alasiri. Zena ameomba mimi niwepo. Na sheikh wa kule ni mtu mwangalifu, hataki kufungisha mpaka mke mkubwa mwenyewe aseme ameridhia. Neno moja tu, anasema.

Nikamwambia nitakwenda. Akashukuru! Akaniombea dua!

Nakwenda kusema hapana. Mbele ya sheikh, mbele ya mama yake. Sikuuza kitu. Neno moja, herufi sita.

Ijumaa, 19 Septemba — Kibondo, chumbani kwa Zena

Nimefunga mlango. Wanadhani naswali.

Tulitoka Kasulu alfajiri, mimi kiti cha nyuma na mama mkwe. Tukapita Makere. Hapo akasema mahindi mwaka huu yatakuwa bei. Nikasema ndiyo mama.

Tumemkuta Zena ameshaogeshwa. Amekonda, shingo imekuwa ya msichana. Amevaa kanga mpya, hajui aweke wapi mikono. Aliponiona akawaambia wanawake wote watoke. Wote, na mama mkwe. Akakaa chini, mimi kitandani.

Akasema: da Mwaja, simu yako niliiona. Niliogopa. Waliniambia umekubali, mara ya kwanza nikabisha, nikasema Mwaja namjua. Wakaniambia mbona anapanda ndege? Akasema: sasa niambie wewe, kwa mdomo wako. Ukisema hapana narudisha posa yao leo hii, na wewe utabaki dada yangu.

Hapana yangu ilikuwa tayari. Tangu jana nimeilala, nimeiamka. Nikavuta pumzi.

Akaniwahi. Akasema, ngoja, kabla hujasema. Nina swali na sina mwingine wa kumuuliza. Mimi simjui. Namjua shemeji, anakuja na Hamis, anakula, anaondoka. Mkiwa wawili ni mtu gani? Huko mlikokuwa, hakuna wazee, hakuna duka, alikuwaje?

Nilitaka kusema mbaya. Nina miaka ishirini na mbili ya kuchagua! Ya siku niliyojifungua yeye yuko mnadani. Ya "huyu". Lakini aliniuliza za huko. Nikazipitia siku zote tisa, moja moja, hadi ya bata. Sikupata ubaya. Na mtoto wa watu ananitazama, nusu ya maisha yake inategemea nitakachosema. Sijawahi kumdanganya mtu kwenye mzani, hata mkulima wa Kitanga asiyejua kusoma namba.

Nikamwambia: alikuwa mume mwema.

Akaniangukia mapajani, analia, Mungu akulipe, Mungu akulipe. Mama mkwe alikuwa ametega sikio mlangoni. Vigelegele! Nyumba nzima, mpaka kwa jirani. Wamemchukua mbio chumba cha pili kumpaka hina.

Sikusema ndiyo. Nimejibu swali nililoulizwa.

Saa saba na nusu. Wanaume wako swala ya Ijumaa. Alasiri hapa saa kumi na dakika tano. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Nikitoka sasa naweza kusimama barazani, nikamsubiri sheikh, nikasema. Bado haijafungwa. Hakuna kilichofungwa.

Mlango. Ni Zena. Karudi peke yake. Mkono wa kushoto umepakwa hadi kwenye kifundo, mbichi, ameuinua usiguse kanga. Wa kulia mtupu.

Ananitazama usoni muda mrefu. Anasema wanauliza kule, waendelee na wa pili? Anasema, da Mwaja, nimewaambia wangoje kwanza.

Amesimama hapo. Hina inaanza kukauka. Naandika ili nisimjibu bado; nikiweka kalamu itabidi niseme.