Kwa Afande Koros, Kuhusu Mbwa wa Wafula

Afande,

Nimeandika taarifa nyingi tangu nivae hii sare, lakini barua hii ndiyo ya kwanza ninayoandika bila mtu kuniambia niweke nini. Ni Jumapili mchana, wenzangu wameenda kanisani, nami niko peke yangu kwenye nyumba ya mabati uliyokuwa ukiita kibiriti. Jumanne saa tatu naingia kortini kama shahidi wa kwanza katika kesi ya mauaji yako. Mshtakiwa ni Wafula, yule fundi wa viatu wa mtaa wa Rhonda, mwenye mbwa. Yuko rumande mwezi wa tano sasa. Wewe na mimi ndio tunaojua vizuri kwamba Wafula hakushika bunduki siku ile, na wewe umekufa, kwa hivyo nimebaki mimi.

Wacha niseme kwanza. Nilikupiga mimi. Konstebo wako, yule uliyemwita kijana ya Longonot hata mbele ya mahabusu, ndiye aliyekuua. Nilikuwa nalenga mbwa.

Unajua mimi na mbwa tulianza vibaya. Nilikuwa na miaka tisa, nimetumwa maziwa kwa jirani, mbwa wao akanishika mguu nyuma, chini ya goti, na hakuniachilia mpaka jirani alipomvunja mgongo kwa mpini wa jembe. Nilikuonyesha kovu, ukacheka, ukasema hata wewe ungeuma mguu wa aina hiyo. Chuoni tulifundishwa kulenga, kufunga pingu na kupiga saluti. Hakuna aliyetuambia kwamba karibu kila boma tutakaloingia lina mbwa, na kwamba mbwa hajui sare ni nini. Kwa hivyo nilijifunza kwa wenzangu kituoni, na wao walikuwa na sheria fupi: mbwa ni risasi, na kama hutaki kuandikia risasi ripoti, basi ni rungu.

Wa kwanza nilimuua mtaa wa Kaptembwo, tukitafuta mwizi wa simu. Alikuwa jike, amezaa juzi tu, na alisimama mbele ya banda lake akibweka bila kusogea hata hatua moja. Angeweza kuachwa. Nilimpiga risasi ya kiuno, akaanza kujivuta kwa miguu ya mbele kurudi kwa watoto wake, huku akilia, na mwenzangu akammaliza kwa rungu mpaka jicho likatoka. Mwenye boma alikuwa mama mzee. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa huyo mwizi mmempata?" Tulikuwa tumekosea boma.

Hukunigombeza siku hiyo. Kesho yake ulinirudisha pale na jembe. Nilichimba shimo nikiwa na sare, watoto wa ploti nzima wakinitazama, nawe umekalia ndoo iliyopinduliwa ukinywa chai ya yule mama. "Chimba vizuri, kijana. Huyu alikuwa anabweka kwa vile ako kwake. Wewe ndio ulikuwa mgeni." Nilikuchukia, Afande. Nilichimba nikikuchukia, na nilipomaliza ulinipa kikombe chako nimalizie chai.

Baada ya hapo ulinichukua nikawa wako. Nikaanza kuona unavyofanya kazi, au nilidhani naona. Ukifika kwa geti la mtu hulipigi teke. Unatikisa kufuli, unapiga mluzi, unangoja. Mbwa akija, unachuchumaa ukiwa umempa ubavu, macho chini, na mkononi una nusu ya mandazi uliyobakisha asubuhi, imefungwa kwenye gazeti. Kantini walikuita daktari wa mbwa. Mimi pia nilicheka nao, nisamehe. Na kwa vile ulijua hofu yangu, kila mara uliniambia nibaki barabarani kuangalia gari. Mwaka mzima nilisimama barabarani nimewapa mgongo. Nilijua vizuri unavyoanza. Kinachofuata sikuwahi kukiona hata siku moja.

Kwa Wafula ulikuwa umeenda mara mbili peke yako kumwonya mke wake, Mama Neema, aache kupika chang'aa, ile pombe haramu. Mlielewana. Mbwa wao aliitwa Chifu. Wafula alimpa jina hilo baada ya chifu wa lokesheni kumbomolea kibanda cha viatu, na ulikuwa ukisimulia hadithi hiyo huku ukifuta machozi ya kicheko. Jina la yule mbwa nililijua. Sikujua kwamba yeye pia anakujua.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, OCS wetu, mkuu wa kituo, alitutuma wanne. Alitaka kupeleka madebe ya chang'aa yakapigwe picha na wakubwa wake. Ndani ya gari ulisema unavyosema siku zote, "Hakuna kukoki kwa boma ya mtu." Nikajibu ndio, Afande. Nilikuwa nimeshaikoki bunduki yangu kabla sijapanda gari. Nilifanya hivyo kila siku tangu nipewe bunduki, risasi iko tayari ndani, na hukuwahi kunikagua kwa sababu uliniamini.

Wenzetu wawili walizunguka nyuma. Mimi, kwa mara ya kwanza, uliniambia nikufuate ndani, hatua kumi nyuma yako. Ukatikisa kufuli, ukapiga mluzi, Mama Neema akafungua. Ukachuchumaa. Na Chifu akatoka nyuma ya nyumba mbio, mbwa mkubwa wa kahawia, sikio moja limeliwa. Hakubweka, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Alikurukia, akaweka miguu ya mbele mabegani mwako na mdomo shingoni mwako, ukayumba, ukaanguka kwa makalio. Ulitoa sauti. Sasa najua ulikuwa unacheka.

Nilipiga mbili. Ya kwanza ilimvunja paja, akapiga ukelele na kukung'ang'ania kwa kucha mpaka shati likachanika. Ya pili iliingia mbavuni mwake, ikatokea upande wa pili, ikakuingia chini ya kwapa la kushoto. Mlianguka pamoja. Damu ilikuwa nyingi na sikuweza kujua ipi ni yako na ipi ni yake. Nilimvuta kwa mguu ule uliovunjika ili nikutoe, naye bado alikuwa hai, akageuka akaniuma mkono. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilimpiga kwa kitako cha bunduki. Kichwa chake kilikuwa kimeshakwisha, mfupa unasikika ukivunjika, na bado napiga, nasema maneno ambayo sikumbuki. Wewe ulikuwa umelala ubavu unanitazama, povu jekundu mdomoni. Ulisema polepole, "Wacha. Alikuwa ananisalimia."

Hayo maneno hayako kwenye taarifa yoyote. Mama Neema alikuwa ameshajifungia ndani na watoto, kwa hivyo niliyasikia mimi peke yangu.

Wafula alitoka kwenye kibanda chake kipya na kiatu cha mtu bado kiko mkononi. Yeye ndiye aliyevua shati akalikunja, akaliweka kwenye jeraha lako, akaweka mikono yangu juu yake, akaniambia, "Finya hapa, boss, finya usiachilie." Alifinya pamoja nami mpaka wenzetu walipofika kutoka nyuma. Hawakuwa wameona kitu. Waliona sajini yuko chini na mtu asiye na shati amejaa damu. Walimwangusha kifudifudi, wakamkanyaga, mmoja akaukunja mkono wake mgongoni mpaka ukalia kama kuni kavu. Ni ule mkono wa kushonea. Niliwaona, nikageuka kukushika mabega. Tulikupandisha gari, na ulikufa kabla hatujafika lami, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu. Nilikufunga macho.

OCS aliniita ofisini nikiwa bado sijanawa. Alijua. Alinusa mtutu wa bunduki yangu, akaiweka mezani, akafunga mlango. "Koros amekufa shujaa. Ama unataka bibi yake aambiwe alimalizwa na kijana wake mwenyewe, juu ya mbwa?" Akatoa bastola ya kujitengenezea kwenye kabati la vielelezo, ile tuliyokamata mwaka jana, na ikawa ya Wafula. Aliniambia maneno, nikayaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri, Afande. Uliniambia niandike taarifa kwa mwandiko mzuri ili hakimu asichoke.

Kesho yake wenzetu walirudi Rhonda kukulipizia. Hawakutafuta mtu. Walitafuta mbwa. Kila aliyebweka alipigwa, na wasiobweka pia, waliofungwa mnyororo wakapigwa wakiwa kwenye mnyororo. Mimi nilikaa kwenye gari na bendeji yangu, nikisikiliza. Kuna mzee aliyemfunika mbwa wake kwa koti lake na mwili wake, wakamvuta kwa miguu, wakampiga yeye kwanza, kisha mbwa. Waliporudi walinigonga begani, wakaniambia hiyo ni ya Koros. Nilitaka kuwaambia ungewachimbisha makaburi yote kwa mikono. Tangu hapo OCS ametangaza kwamba mbwa akibweka ni piga. Siku hizi tukiingia mtaani watu huwaficha mbwa chini ya vitanda kama ni vitu vya wizi.

Mbwa wako wa kituoni, wale watatu uliokuwa ukiwalisha jikoni, mpishi aliwatafutia mahali Njoro kabla mtu hajawakumbuka. Meza yako amepewa sajini mpya. Si mtu mbaya. Hana habari na mtu.

Tulikuzika kwenu Molo mvua ikinyesha. Niliteuliwa miongoni mwa waliobeba jeneza, kwa heshima ya kwamba nilikuwa nawe mwisho. Mkeo, Mama Chebet, alinishika mkono huu ulioumwa mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye alimfunga macho. Huyu ni mtoto wetu." OCS alikuwa nyuma yangu na nilihisi pumzi yake shingoni. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi. Lakini pia nilikuwa natazama viatu vyangu ili nisimtazame mkeo.

Mama Neema huja kituoni kila Jumatatu. Haombi kitu. Anakaa kwenye jiwe mkabala na geti, na nikipita ananiangalia. Yeye aliona nikipiga, kabla hajajifungia ndani. Hakuna aliyemwandika, na wakili aliyepewa Wafula amemwambia neno la mpika chang'aa halina uzito mbele ya neno la askari. Wiki mbili zilizopita nilienda rumande kwa kisingizio cha kupeleka karatasi, nikamwona Wafula kwa wavu. Mkono umeunga vibaya, vidole viwili havikunji. Hakunitukana. Aliniuliza, "Boss, yule sajini alisema nini akikufa? Nilimwona anaongea." Nilimwambia hakusema kitu. Huo uongo mdogo ndio ulionishinda. Ule mkubwa nilikuwa nimeuzoea.

Kwa hivyo Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda mpaka Molo. Nilimkuta Mama Chebet uani anamenya viazi, akanivutia kigoda. Nilimweleza yote, kuanzia kukoki mpaka kitako cha bunduki, sikuruka kitu. Alimenya viazi vitatu nikiongea. Kisha akaweka kisu chini, akasimama, akanipiga kofi, akanipiga la pili, akanipiga kwa ngumi mdomoni mpaka nikaonja damu, na mimi nimeweka mikono nyuma kama niko gwaride. Aliacha alipochoka. Akakaa. Akauliza, "Huyo mtu ako na watoto?"

Nikasema watatu.

"Wangu pia ni watatu," akasema. "Mimi umeniambia. Enda uambie jaji." Akaokota kisu akaendelea na viazi. Hakunisindikiza, na sikutarajia. Neno mtoto hakulitaja tena.

Naogopa, Afande. Sitakudanganya na wewe. OCS ameniahidi kwamba nikifungua mdomo nitaozea ndani na watu niliowakamata mwenyewe, na huyo si mtu wa kusahau ahadi. Mama yangu Longonot anajua mwanawe ni askari mzuri, ameweka picha yangu ukutani karibu na ya harusi yake. Atalazimika kuamua kama ataiacha hapo. Jana niliketi kitandani nikajaribu kuisema kwa sauti, ile sentensi yenyewe, na mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tano ilitoka.

Jumanne nitapanda kizimbani, nitashika Biblia, nitasema jina langu na namba yangu. Watanipa ile taarifa yenye mwandiko mzuri niithibitishe. Nitasema ni ya uongo, na ni mimi niliyeiandika. Nitasema risasi ilikuwa yangu na nilikuwa nimekoki ingawa ulitukataza. Nitasema Wafula ndiye aliyevua shati. Na wakiniuliza kama marehemu alisema lolote, nitawaambia, na nitasema kwa sauti ili na Wafula asikie pale alipo. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, sina nyingine.

Basi, kaa salama huko Molo kwenye baridi yako uliyokuwa ukiisifu. Sikuombi msamaha kwa barua. Sijui Jumanne nitalala wapi. Wafula nataka alale kwake.

Mwaura