Sanduku Lililoandikwa "Kwa Mama"

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi hajambo, na wale watundu wenu watatu hawajambo? Nimeanza na hali zenu kwa sababu nikianza na yangu nitasahau adabu. Mwili wangu mzima, kikohozi kimekwisha, chakula kinapanda. Kilichonijaa ni hasira. Nimekasirika tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, nakasirika hata nikipiga mswaki, na utaona mwenyewe mahali ambapo kalamu imetoboa karatasi.

Wifi aliniambia kwamba Baba Mkubwa ameitisha kikao Jumapili kuhusu nyumba ya Mama. Nasikia fundi mwingine ameshapatikana, atabomoa ukuta wa nyuma na kuujenga upya palepale, na kwamba wewe uliyeijenga nyumba hutakiwi kushika hata mwiko. Nasikia pia Mama bado analala chumba kile kile cha nyuma, na kwa kuwa mlango haufungiki anauegemezea kigoda. Nitalifikia hilo. Tafadhali usikimbilie mwisho, soma kutoka juu kwenda chini kama mimi ninavyosoma udongo.

Stoo yetu unaikumbuka. Ulikuja mara moja ukasema inanuka kama kiatu kilicholala nje na mvua. Humo ndimo tunamoweka miche ya udongo. Kila mahali tulipotoboa katika tambarare hii yote, kuanzia chini ya vilima mpaka ufukweni, tulipigilia bomba la chuma ardhini, tukalivuta, tukasukuma nje udongo uliomo ukiwa mzima kama mche wa sabuni, kisha tukaulaza ndani ya sanduku la mbao. Ukijua kuusoma unaona mengi. Juu kuna mchanga uliopeperushwa na upepo, chini yake tope la kijivu lenye makombe, maana yake bahari iliwahi kufika mpaka huko mnakofuga kuku, na chini zaidi kuna udongo mwekundu mgumu wa zamani, bahari ilipokuwa bado mbali. Maelfu ya miaka yamelala katika sanduku linalobebwa na watu wawili.

Basi tumeletewa mkuu mpya. Siku ya kwanza alizunguka ofisi yote, na alipofika stooni akaziba pua kwa leso akauliza haya matope ni ya nini. Nilimweleza kwa upole, Kaka, naapa nilianza kwa upole. Akanijibu kwamba udongo ni udongo, na kwamba tulichokiona tumeshakiandika kwenye kompyuta, kwa hiyo masanduku yote yatolewe, udongo ukafukie mashimo ya maegesho ya magari, na stoo igeuzwe chumba cha mikutano. Chumba cha mikutano! Ofisi ina watu tisa na vyumba viwili vya mikutano, na kimoja tunaanikia makoti ya mvua.

Hapo upole ukaniisha. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kilichomo kwenye kompyuta ni maneno yetu tu, na sisi tunakosea, tunachoka, tunapata njaa, tunaandika mita mbili badala ya tatu. Nikamwambia siku tutakapokosea tutataka kurudi kuutazama udongo wenyewe, sasa tukatazame wapi, chini ya gari lake? Mhasibu akakohoa, dereva akainamisha kichwa asionekane anacheka. Kesho yake nikapewa barua ya onyo kwa kutomheshimu kiongozi. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, aione kila akipita.

Hata hivyo kelele zangu zilisaidia. Alilegea akasema masanduku yenye namba ya jalada yabaki, yasiyo na namba yatolewe Ijumaa. Nilimwita mzee Meno aje anisaidie kuyachambua. Unamjua, yule mtoboaji wetu aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hupima udongo kwa kuung'ata: ukiteleza kwenye meno ni mfinyanzi, ukikwaruza una mchanga ndani. Ni yeye aliyenifundisha kazi hii. Alikuja na kofia yake ile ile, akamsalimu mkuu kwa heshima zote, akaingia stooni, akaanza kumsema kwa sauti ambayo yeye pekee alidhani ni ya chini.

Alhamisi mchana, Meno akiwa ametoka kwenda kunywa chai, nilivuta sanduku moja fupi kutoka nyuma kabisa. Halikuwa na namba. Lilikuwa na mwandiko wangu: KWA MAMA.

Unaikumbuka siku hiyo, Kaka, ulikuwepo. Miaka tisa iliyopita tulikuwa tunatoka kazini na gari la ofisi, nikamwomba Meno tupite kwenye kiwanja kabla hujaanza msingi, tutoboe tundu moja tu. Mvua ilitukuta hapo. Meno alikuwa ameumia mkono, akakaa garini, akawa anapiga kelele dirishani kwamba nipake kwanza rangi nyekundu kwenye ncha ya juu ya bomba, ndipo niuguse udongo. Ni sheria ya kwanza ya kazi yetu, kwa sababu mche ukishatoka bila alama, juu na chini yake unaweza kuvichanganya. Nilikuwa nimelowa na nilikuwa nakuonyesha wewe na Mama jinsi nilivyo mtaalamu. Rangi niliipaka kesho yake, ofisini, kwa kukumbuka. Kisha nikakuletea karatasi safi yenye michoro, nikakuambia chini ya kiwanja ni mchanga ulioshindiliwa mpaka mita mbili na robo, ndipo tope linaanza. Chimba mita moja, kaa hapo, jenga.

Ukachimba mita moja, ukakaa hapo, ukajenga. Msimu wa tatu wa mvua chumba cha nyuma kikaanza kuzama na ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Baba Mkubwa akaita watu, akasema saruji ilikuwa kidogo, na ulipokataa akanigeukia mimi. Akaniuliza kama mtaalamu, je, inaweza kuwa ni ardhi? Na mimi, nikiwa nimekaa karibu na Mama, nikajibu kwa madaha kwamba ardhi haina kosa. Sikuongeza neno. Halikuhitajika neno jingine. Tangu siku hiyo wewe ni Fundi Nyufa, hata watoto wa jirani wanakuita hivyo, na hakuna mtu aliyekupa msingi wa kujenga. Wewe uliyekuwa unainua nyumba nzima sasa unapiga lipu na rangi kwenye kuta za mafundi wengine.

Alhamisi nililifungua lile sanduku. Kipande cha kati, cha kuanzia mita moja na nusu hadi mita tatu, kina mchanga mgumu upande wa juu na tope jeusi upande wa chini, kama nilivyokuandikia. Lakini ndani ya lile tope kuna mizizi ya matete, ya zamani sana, imekauka ikabaki kama nyuzi. Mashina yake manene yako chini. Ncha zake nyembamba zinaelekea juu. Kaka, hakuna tete duniani linaloota kichwa chini. Niling'ata lile tope, likateleza mdomoni kama siagi. Kipande hicho nilikilaza kichwa chini miguu juu. Tope liko juu, nusu mita tu chini ya msingi wako, na ule mchanga mgumu uko chini yake. Ulijenga kwa ustadi wako wote juu ya bwawa la matete lililofukiwa, kwa sababu mimi nilikuambia ni mchanga.

Ningeishia hapo ningeonekana nimekosea tu, na kukosea kunasameheka. Sikuishia hapo. Nilifunika sanduku, nikalibeba peke yangu, nikaliweka kwenye rundo la kutupwa. Mimi niliyempigia mkuu kelele, mimi mwenye barua ya onyo ukutani. Nilijiambia halina namba, agizo ni agizo. Meno aliporudi na chai nilimwambia kona ile imekwisha. Nikaenda nyumbani, nikala, na aibu kuliko zote ni kwamba nililala vizuri.

Ijumaa asubuhi nilipoingia getini vibarua walikuwa wanamwaga toroli la kwanza kwenye shimo karibu na nafasi ya mkuu. Nilisimama nikatazama makombe ya bahari ya zamani yakipondwa na koleo, na hasira yote niliyokuwa nayo juu ya mtu yule ikanigeukia. Yeye anatupa asichokijua. Mimi nilijua ninachotupa. Nilikimbia na viatu vyangu vya ofisi, nikapanda juu ya rundo, nikalitoa sanduku la Mama mikononi mwa kibarua aliyekuwa ameshalinyanyua. Mkuu alikuwa dirishani. Nadhani barua ya pili ya onyo inaandikwa.

Nilimwonyesha Meno. Alitazama mizizi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama tangu nyumba ilipopasuka sikuwahi hata mara moja kulifungua sanduku. Nilimwambia sikuwahi. Akaniuliza kwa nini. Miaka sita lilikuwa hatua ishirini kutoka mezani kwangu, Kaka. Sikulifungua kwa sababu nilikuwa naogopa ningekuta nini, na wewe ulikuwa umeshaubeba mzigo.

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nilikuhukumu mbele ya watu, na ninataka hukumu hiyo ifutwe mbele ya watu wale wale. Barua hii isomwe Jumapili kwenye kikao, na asome wifi, kwa sababu wewe utaruka mistari inayonichafua. Asome yote, na akifika kwenye neno "madaha" asome kwa sauti.

Fundi mpya asiguse ukuta. Akiujenga palepale utazama kama wa kwanza, hata akimwaga saruji ya nchi nzima. Msingi ushuke upite tope mpaka kwenye ule mchanga, mita mbili na robo au zaidi kidogo, na nikija tutatoboa matundu manne, nikiwa na kopo la rangi mkononi kabla ya kugusa kitu chochote. Atakayeuchimba ni wewe. Mama ahamie chumba cha mbele leo hii, asingoje Jumapili.

Nakuja Jumamosi na sanduku lenyewe. Nitaliweka mezani mbele ya Baba Mkubwa, atazame mizizi kwa macho yake, na akitaka ang'ate.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Utanijibu nikishuka garini, na ukiamua kunifungia mlango nitakaa nje na sanduku langu mpaka kikao kianze. Nisalimie wifi, na watundu uwaambie shangazi yao anakuja bila zawadi safari hii. Mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, na umwambie lile jibu nililompa siku ile lilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ni hii: ardhi haina kosa, na fundi hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Tope