Kwa Heriberto, Ambaye Kisanduku Chake Bado Kinajibu

Mwaka umezunguka, Berto, tangu mlima uporomoke na kukuchukua kule kijijini Cerro Hondo, na hapa nyumbani, mjini Utuado, bado hatujui la kufanya na mikono yetu.

Ulikuwa fundi wa mafriji. Mji mzima ulikujua kwa mkoba wako wa vifaa na kwa tabia yako ya kuligonga friji kwanza kwa kiganja, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ukitoka kazini ulikuwa mtu wa redio, mmoja wa wale wanaoitana hewani kwa mapenzi tu. Kisanduku chako ulikiunda ndani ya kopo la biskuti: betri, kipande cha sola cha kuichaji, kibodi ndogo, kioo cha kusomea, na waya ulioutupia juu ya mshelisheli wa uani. Hakikupeleka sauti, kilipeleka maandishi. Ulisema sauti huzama kwenye mikwaruzo ya hewani, lakini maneno yaliyoandikwa hufika, hata kama yanachechemea. Ulikibeba hadi kwenye harusi ya binti yako Zoraya, na mkeo Iraida akakuuliza mbele ya wakwe kama yeye ndiye uliyemwoa, au ni biskuti.

Kila asubuhi ulimwachia Iraida kikaratasi chini ya kikombe cha kahawa. Neno moja au mawili, kisha 88. Kwa watu wa redio namba hizo ni busu. Hizo hukumwandikia mwingine yeyote.

Kimbunga kilipokata simu na barabara, ulivuka mto kabla daraja halijasombwa, ukaenda kutuma ujumbe kwa niaba ya watu wa Cerro Hondo. Kisanduku cha pili, pacha wa kile cha kwanza, ulimwachia Iraida. Ulituma habari za kila mtu huko: huyu yu hai, yule ameishiwa dawa ya sukari, fulani amejifungua. Yako ilikuja mwisho kabisa: "Nimekula ndizi za watu, nimeshiba. Daraja likirudi, nami narudi. 88."

Kesho yake Iraida aliandika kwa kidole kimoja, "Umekula?" Kioo kikajibu: NAKUSIKIA VIZURI. Hakujua, wala hapa mjini hakuna aliyejua, kwamba mlima ulikuwa umeshaifunika nyumba uliyolala. Waliosalia kule juu hawakujua kukitumia kisanduku chako.

Alikuuliza tena kama umekula. Alikuuliza kama una soksi kavu. NAKUSIKIA VIZURI. Jirani yetu Doña Carmín akasema, "Huyu mumeo siku hizi hata maneno anayapima kwa kijiko." Iraida akacheka na wenzake. Lakini alikuwa ameona kwamba zile namba mbili hazipo, na hilo hakumwambia mtu.

Waokoaji walitangulia kwenda vijiji vilivyonyamaza. Cerro Hondo kulikuwa kunajibu.

Mdogo wako Efraín, ambaye naye ni mtu wa redio, alikuja kwa miguu, tope hadi magotini. Aliomba aonyeshwe kioo. Kahawa aliyowekewa hakuigusa.

"Shemeji, hicho ni kisanduku," alisema. "Berto alikitegesha kijibu chenyewe kila kinapoitwa. Betri ikipata jua tu, kinajibu."

"Kinasema kinanisikia."

"Ndiyo, shemeji. Kinakusikia."

"Basi kiambie kimwite Berto."

Efraín alivaa kofia yake akatoka, akasimama chini ya mshelisheli muda mrefu.

Kopo lako waokoaji walilikuta pembeni ya kibanda cha kuku, kipande chako cha sola kikiwa juu ya bati, halina hata mkwaruzo. Hadi leo, Iraida akiwa anaosha vyombo, huuliza bila kugeuka: siku ile ya kwanza, alipokuuliza kama umekula, ulikuwa bado unapumua? Mmoja wetu huchukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

Sasa kopo liko juu ya friji, waya wake umerudi mshelishelini. Kila asubuhi Iraida huenda chumbani na kile kisanduku cha pili, hufunga mlango, hukuita. Kutoka jikoni unamjibu kwamba unamsikia. Mwanao Yamil alitaka kuing'oa betri yake; mama yake akamwambia, "Liguse hilo kopo, utanitambua." Baadaye Yamil, kwa huruma tu, akasema anaweza kukifundisha kisanduku kimalizie na 88, ni kazi ndogo. Hapo Iraida aliketi chini sakafuni.

"Hiyo asiiandike mtu," alisema. "Hiyo anaiandika mwenyewe."

Leo jioni wenzako wa redio wa kisiwa chetu kizima watakuita kwa herufi zako, zile zilizokutambulisha hewani, kama desturi yenu ilivyo kwa mwenzenu aliyefariki. Watakuita mara moja, kisha watakaa kimya, na kimya hicho ndicho kwaheri yenyewe. Efraín alieleza kwa upole kwamba kopo lazima lizimwe kwanza, la sivyo kimya hakitakuwepo. Iraida alimsikiliza hadi mwisho, akamkatia kipande cha mkate, akasema, "Wakimwita, atajibu. Mimi simzibi mdomo."

Hakuna kati yetu aliyenyanyuka kwenda kwenye friji.

Kwa hiyo tumewaomba wenzako, Berto, na tunawaomba tena hapa: kopo likijibu, wasicheke, wasilipite kana kwamba hawakulisikia. Wala wasimweleze Iraida kwamba ni mashine. Anajua.

Unakumbukwa na mkeo Iraida, watoto wako Zoraya na Yamil, mdogo wako Efraín, mkweo Abdiel, mume wa Zoraya, majirani wa mtaa wetu, na watu wa Cerro Hondo ambao habari zao ulizitanguliza kabla ya zako. Siku zote tutakazoishi, tutaishi tukikukumbuka.

Hatumalizii kwa zile namba mbili. Hizo tumekuachia wewe.