Pipa la Moshi na Begi Lililo Mlangoni

Alhamisi, baada ya alasiri. Garissa inachemka. Hata upepo ni wa moto, unanyanyua vumbi la uani na kulirudisha palepale, kama mtu anayefagia bila nia.

Begi la mume wangu liko mlangoni.

Nimelifunga mimi mwenyewe. Mashati, kikoi cha kulalia, mswaki, na ule mswala wa kijani tulioletewa siku ya harusi. Kila nilichokikunja nilikinusa kwanza. Mnicheke tu.

Hata miezi miwili hatujamaliza tangu tuoane, na bado nikimsikia Rizak akigonga lango nakimbilia kioo. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Ananiita macaan, yaani mtamu, hata mbele ya kuku. Akirudi jioni ananiletea kitu kidogo, limau au peremende, na ananipa kama mtu anayekabidhi dhahabu. Na kesho, baada ya swala ya alfajiri, lori la Abti linaondoka kwenda Bute, mbali huko kaskazini, na mume wangu amewekewa nafasi kule mbele kwa dereva.

Abti ni mjomba wake, ndugu ya mama yake. Ndiye aliyemlea Rizak baada ya baba yake kufariki, kwa hiyo neno lake si la kukataliwa. Ana duka huko Bute na anataka Rizak akalisimamie. Vijana wa duka wanalala stoo, wote pamoja, kati ya magunia ya mchele. Mke hana pa kukaa. Nitabaki hapa nikimsubiri aje Idd mpaka Idd.

Tulikuwa na njia moja tu ya kulizuia hilo lori. Pipa.

Hoteli ambako Rizak alikuwa akichoma nyama ilifungwa siku chache baada ya harusi. Hakukaa kulalamika, alikuja nyumbani na pipa dogo la mafuta ya kupikia, lina kutu shingoni. Tulilichoma ndani kwa moto mkali hadi harufu yake ya zamani ikaisha. Akatoboa matundu chini kwa msumari na nyundo ili makaa yapate hewa. Akakata mlango mdogo wa kuingizia mkaa, akapitisha vyuma juu vya kushikilia wavu, na kwenye kifuniko akaacha tundu moja la kutolea moshi. Kazi yangu ilikuwa kulishika pipa lisizunguke. Tulikaa chini uani, magoti yamegusana, masizi hadi kwenye nyusi. Nikawaza, kama ndoa ndiyo hii, isiishe.

Alitaka kuuza nyama iliyoiva kwa moshi, polepole, laini. Nyama choma iko kila kona hapa, nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, kila mama anaitengeneza, lakini hiyo ya moshi hakuna anayeiuza mtaani kwetu. Abti alimwambia kwa simu, nami nikiwa nimebandika sikio pembeni: "Nikija nitaonja. Ikiwa ni nyama ya watu kununua, kaa na mke wako. Ikiwa ni mchezo, utapanda lori."

Mara ya kwanza tuliweka vijiti vibichi vya mathenge, ule mti wa miiba, kwa sababu mathenge ndiyo iliyotuzunguka. Moshi ulitoka mzito, wa manjano, na nyama ikawa chungu kama dawa ya malaria.

Jana nikafanya ujinga wangu.

Rizak alikuwa ametoka kutafuta maji. Nikachukua uunsi, ubani wetu wa maharusi unaopikwa kwa sukari na manukato, nikamwaga konzi nzima juu ya makaa. Ndio ninaofukizia nguo zake na chumba chetu. Yeye husema akinusa uunsi wangu anasahau alikotoka. Nikaona, basi na nyama ipate. Sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Aliporudi, kabla hajaonja, lori la Abti likafika, mapema kuliko alivyosema. Sinia likaenda moja kwa moja mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Rizak," Abti akasema, "huyu mbuzi ameolewa na nani?"

Dereva wake alicheka hadi akapaliwa. "Muulize na mahari," akasema mpakiaji wao. Nilishika pazia kwa nguvu hadi pete zake mbili zikang'oka.

Rizak alijua. Harufu ile anaijua kuliko mtu yeyote duniani. Lakini hakunitaja. Alivuta sinia kwake, akala vipande vyote vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, akiwa ametulia kama anakula pilau.

"Bado tunajifunza, Abti."

"Jifunzie Bute," Abti akamjibu.

Niliomba msamaha nikilia. Yeye akanifuta kamasi kwa shati lake na kusema hajawahi kula mbuzi anayenukia vizuri namna ile. Hapo ndipo nilipolia zaidi.

Leo asubuhi nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nimekaa jikoni, chai mkononi, begi naliona mlangoni, machozi yanadondoka kikombeni. Nikanywa hivyo hivyo. Na ndani ya ile chai nikasikia ladha ya moshi.

Moshi mtamu, bila uchungu, bila manukato. Maziwa ya ngamia. Jirani yangu Dahabo, ninayemwita Habaryar, yaani mama mdogo, hutuletea kila asubuhi, na mtungi wake huufukiza kabla ya kutia maziwa ili yasiharibike. Ladha niliyoitafuta ilikuwa kwenye kikombe changu kila siku.

Na kazi hiyo naijua. Nilipokuwa mdogo kule Ijara, kufukiza vibuyu vya maziwa vya ayeeyo, bibi yangu, kulikuwa juu yangu. Unawasha kijiti kikavu, unakiacha kishike, unapuliza mwali ufe. Kaa jekundu unalitumbukiza ndani, unaziba mdomo wa kibuyu, unasubiri. Nikichungulia ayeeyo alinipiga vidole. Ukichungulia, alisema, moshi unakimbia. Mimi na Rizak tulikuwa tukifuata video za watu wa mbali wenye mitambo ya kung'aa, na kila mara tunafunua kifuniko kupiga picha.

Nilikimbia kwa Habaryar bila viatu, kumwomba kuni zake.

"Hizi ni za maziwa, abaayo, si za nyama," akasema, akiniita dada kama kawaida yake.

"Leo ni za kumzuia mtu, Habaryar."

Alichungulia kwetu, akaliona begi. Akanipa kifurushi chote na kurudi ndani bila kuuliza.

Kwa hiyo sasa nimekaa mbele ya pipa. Ndani kuna mguu wa mbele wa mbuzi, wa mwisho tulionao, na chumvi tu. Wanaume wako kwenye lori wanapakia. Sijafunua kifuniko. Mikono nimeikalia. Nawaza kesho asubuhi. Nani ataniita macaan mbele ya kuku? Ya Rabbi, sikuombi mengi. Naomba mguu huu mmoja.

Magharibi imepita, naendelea.

Nilifunua kifuniko mara moja tu, wakati wa kupakua. Nikapeleka sinia hadi kwenye pazia, Rizak akalipokea. Nikasimama nyuma ya pazia kama jana. Nikahesabu pete zilizobaki.

"Leo hakuna harusi?" dereva akauliza.

"Nyamaza ule," Abti akasema. Nikasikia mfupa ukiwekwa kwenye sinia, kisha mwingine. Baadaye, kwa sauti ya chini: "Hiki ni kibuyu cha mama yangu."

Akaomba karatasi afungie kilichobaki, cha njiani. Mimi nikawa nasubiri neno la lori. Halikuja. Alipokuwa anasimama kwenda kulala kwa rafiki yake, aligusa begi kwa ncha ya kiatu.

"Rizak, toa hiki kitu mlangoni, mtu ataanguka." Akafika langoni, akageuka. "Lakini usitoe nguo zote. Nitarudi. Nisipokuta wateja, utapanda."

Sijapona basi, nimepewa muda tu. Kuni zimebaki kidogo, nyama imekwisha, na sijui kama watu wa soko watapenda anachokipenda Abti.

Rizak ameliingiza begi chumbani na kwenda msikitini. Nimelifungua peke yangu. Abti amesema tusitoe nguo zote.

Nimezitoa zote. Hata mswaki.