Tikiti la Yazid na kisu cha ng'onda

Shamsiya, acha unachofanya usome. Kaka yangu Yazid ametuua leo.

Si unajua mama yake Nada, Bi Huwaida, amekuja kwetu Chumbageni kututazama kabla ya kujibu posa? Basi bwana harusi mtarajiwa akatutimua wote jikoni. Tikiti atalikata yeye! Siku tatu anatazama video, sasa ni profesa wa matikiti.

Akaliosha, akalikata ncha zote mbili lisimame, akamenya ganda toka juu hadi chini, akatoa vipande vya pembetatu, sawasawa kabisa. Akavipanga kwenye sinia kama miale ya jua. Maashallah, macho yalishiba.

Na kisu je? Kile cha mama cha kukatia ng'onda. NG'ONDA, Shamsiya! Asubuhi kimekata samaki mkavu wa mchuzi, yeye akakipangusa na kitambaa, basi. Eti video haikusema kioshwe.

Bi Huwaida akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mwanangu, tikiti hili limetoka shambani au baharini?"

Yazid, kifua mbele: "Shambani, mama. Pongwe."

PONGWE! Mama akajifunika mtandio uso mzima. Mimi nikauma kanga.

Bi Huwaida akameza, akanywa maji gilasi nzima, akasema: "Posa sina neno nayo. Ila Nada akija, aje na kisu chake."

Na Yazid, mpaka saa hii, anatuuliza hicho kisu cha zawadi kitakuwa kikubwa kiasi gani.