Wasimfungue Tena Mama

Jumatatu, 4 Machi 2024
Basi ni uvimbe. Kwenye ini. Daktari Désiré, aliyekuja hapa hospitalini na timu ya Kinshasa na mashine yao ya kamera, ametuonyesha picha za skana zilizopigwa Bukavu. Mimi niliona mawingu tu. Anasema ukiachwa, Mama hatamaliza mwaka. Lakini unatoka — matundu madogo tumboni, kamera inaingia, hakuna kupasua.

Hapo ndipo Mama akauliza, "Haiko kisu?"

Jumanne, 5 Machi
Leo daktari amemlaza Mama amwangalie tumbo. Akaliona kovu. Akaniita nje.

Kumbe uvimbe wenyewe umekaa pabaya: juu, nyuma, chini ya mbavu, jirani na mshipa mkubwa wa damu. Vyombo vinafika kwa shida. Ungekuwa mbele, upande wa kushoto, angeutoa bila jasho. Ini lenyewe ni zima, hilo anashukuru. Lakini hilo kovu! Ndani yake utumbo, ini na ukuta wa tumbo vimegandamana, kamera haitaona njia. Damu ikimwagika, itabidi apasue. Akauliza nani alimshona hivi. Nikasema ni wakati wa vita.

2002. Risasi ilimpata akitoka shambani. Hospitali ilikuwa imeporwa, dawa ya usingizi hakuna. Muuguzi akamfungua tumbo hivyohivyo, wanaume wakimshika mikono na miguu. Mimi nilikuwa uani na mdogo wangu Idrissa. Nilimziba masikio. Yangu hakuna aliyeyaziba.

Jumatano, 6 Machi
Daktari amemweleza kwamba huenda akapasua; Mama ameitikia kwa kichwa tu, kama anavyowaitikia wakubwa wote. Daktari alipoondoka, Mama akanishika mkono.

"Rehema, mama yangu. Kama inashindikana na matundu, wafunge, munirudishe kwetu Alunguli. Wasinifungue tena. Apa."

Nikamwambia siku hizi dawa ya usingizi iko, hatasikia kitu. Akasema hata siku ile walimwambia hatasikia. Nikaapa. Ningefanyaje?

Idrissa amepiga simu kutoka machimbo ya Kama, anakochimba dhahabu. Eti nisaini kila kitu, hata kupasuliwa, Mama apone kwanza, hasira zake zitapita. Ni rahisi kusema ukiwa mbali. Nimemkatia simu. Habari ya kiapo sikumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Wameingia naye asubuhi. Nimekaa kwenye benchi, naandika ili mikono iwe na kazi.

—

Daktari ametoka. Kuna damu kwenye glavu zake. Kovu limemzibia njia, na mahali pamoja panavuja. Anaweza kufunga sasa hivi, uvimbe ubaki. Au apasue autoe wote.

"Rehema, tufanye namna gani? Sema mbio."

Nikasema apasue. Sikufikiri hata kidogo. Akarudi ndani, mlango ukafungwa, ndipo nikakumbuka nilichoapa jana. Hapana, ninadanganya. Nilikuwa nakumbuka. Sitaki tu Mama afe.

Akiamka, atapeleka mkono tumboni kabla hajafumbua macho. Namjua. Nami nitakuwa nimekaa pale pale kando ya kitanda, na sijui nitaanza na neno gani.

Muuguzi anaita. Wanatafuta damu, anauliza nani wa familia yuko hapa. Niko mimi tu.